Mabuye ya redio yanakwishaje? Sayansi ya moto na umeme katika nyumba za Ntoto

*Makala, tochi, redio na simu vinaishi kwa siri moja. Kuijua kunaokoa franka, na mara nyingine kunaokoa maisha ya mtoto.*

NTOTO – Jua likizama hapa, kwenye mpaka wa Masisi na Walikale, mwanga unatoka mahali patatu: kwenye moto wa jiko, kwenye tochi na kwenye kioo cha simu. Waya za SNEL hazifiki huku. Umeme wa Matebe, ile sentrali ya maji iliyofunguliwa Rutshuru mwaka 2015, unahudumia Rutshuru na Goma, si misitu ya Walikale. Kwa hiyo kila familia inajitengenezea nishati yake, kila siku, kwa makala, kwa mabuye ya redio au kwa batri iliyofungwa kwenye paneli ya jua.

Moto, tochi na simu vinaonekana kuwa vitu vitatu tofauti. Lakini kwa mwanakemia ni kitu kimoja. Katika kila kimoja, vitu vinageuka kuwa vitu vingine, na katika kugeuka vinaachilia nguvu. Mageuzi yakimalizika, nguvu nayo imekwisha. Hapo ndipo penye jibu la swali ambalo watu wengi wamejiuliza wakiwa na redio iliyonyamaza mkononi: mabuye haya yamekwishaje, wakati uzito wake ni uleule na umbo ni lilelile?

Swali hilo si la wanafunzi peke yao. Jina la Ntoto linajulikana mbali kwa sababu ya machafuko yaliyoanzia kwenye soko lake Machi 1993 na kusambaa Masisi nzima. Tangu wakati huo, wakaaji wa maeneo haya mawili wamekimbia na kurudi mara nyingi. Mtu anayelala akisikiliza kama njia ni salama, kama soko litafunguka, kama chanjo ya watoto imefika, anategemea redio na simu. Mabuye yakikwisha, habari nazo zinakwisha.

Hesabu ya mama muuzaji

Tuanze na moto, kwa sababu ndio tunaoufahamu zaidi. Makala ni kaboni, karibu yote. Ikishika moto, kaboni hiyo inaungana na oksijeni ya hewa na kuwa gesi. Joto tunalopikia fufu na maharagi linatoka kwenye muungano huo.

Lakini kwa nini makala hayawaki yenyewe ndani ya gunia, ilhali hewa imeyazunguka pande zote? Fikiria mama anayepeleka mihogo sokoni. Kabla ya kupata hata franka moja, anapaswa kulipa mbeba mzigo au motari. Akiuza kwa bei inayozidi gharama ya njia, amepata faida. Akiuza chini ya hapo, amerudi na hasara.

Kemia inafanya hesabu hiyohiyo. Kuvunja viungo vya zamani kati ya chembe na chembe kunadai nishati: hiyo ni gharama ya njia. Kuunda viungo vipya kunarudisha nishati: hayo ni mauzo. Kiberiti na vijiti vikavu tunavyowashia mbabula vinalipa gharama ya kwanza. Moto ukishashika, faida ya makala yaliyowaka inalipia makala yaliyo pembeni, na kazi inaendelea yenyewe hadi kaboni iishe na kubaki majivu.

Mageuzi yanayotoa joto tunayaona kila mahali. Mwenye kujenga anayemwagia maji chokaa iliyochomwa anajua kwamba maji yanachemka bila moto. Ndizi zilizofunikwa ili zitoe kasiksi zinapata joto wakati wa kuchacha. Hata mwili wetu uko hivyo: chakula kinaunganishwa polepole na oksijeni tunayovuta, na ndiyo sababu mtu mzima ana joto la digrii karibu 37 hata usiku wa baridi wa Masisi.

Kuna pia mageuzi yanayomeza joto, yale ya mama aliyerudi na hasara. Jawabu la chokaa liko hapa: ili kuipata, mawe yake yalipaswa kuchomwa kwa moto mkali saa nyingi. Joto lililoingia wakati huo ndilo sehemu yake inayorudi maji yanapomwagwa. Mkulima anayekoroga mbolea ya urea ndani ya ndoo ya maji anaweza kuhisi ndoo ikipoa mkononi, kwa sababu urea inachukua joto la maji ili iyeyuke. Na jani la kila mti linafanya kazi kubwa kuliko zote: linachukua nguvu ya jua na kuifungia ndani ya mbao. Makala tunayochoma leo ni jua la miaka iliyopita.

Kanuni ni moja: nishati haizaliwi wala haifi. Inahama tu, kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

Njia mbili za kushuka mlima

Sasa tufike kwenye tochi. Katika Kivu wengi huita pile "mabuye". Jirani zetu wanaosema Kiganda wanaziita "amanda", neno lilelile la makala. Majina yote mawili yana ukweli ndani yake. Pile ni mawe, kwa sababu imejaa madini. Na pile ni makala, kwa sababu ndani yake kuna kitu kinacholiwa polepole kama makala kwenye mbabula.

Kitu hicho ni zinki. Katika mabuye ya kawaida, yale ya bei ndogo, kopo lenyewe chini ya karatasi ya rangi ni zinki. Katikati kuna kijiti cheusi cha kaboni. Kati ya kijiti na kopo kumeshindiliwa unga mweusi wa manganezi iliyoshikana na oksijeni, pamoja na uji wa chumvi maalumu wenye unyevunyevu.

Zinki inapenda kuachilia elektroni, zile chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme. Manganezi iliyo kwenye unga mweusi inapenda kuzipokea. Kama ungevisaga vyote viwili na kuvichanganya pamoja, elektroni zingeruka moja kwa moja kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na ungepata joto tu. Ujanja wa pile ni kuvitenganisha. Uji wa chumvi unaruhusu chembe nyingine, zinazoitwa ioni, kupita ndani, lakini elektroni hazina njia humo. Njia pekee iliyobaki kwao ni ya nje: watoke kwenye kopo, wapite kwenye waya, ndani ya taa au redio, kisha warudi kwenye kijiti cha kaboni.

Ni kama maji yanayoteremka kutoka milima ya Masisi. Yakianguka kwenye poromoko, yanapiga mawe na kupotea bure. Yakipitishwa kwenye mfereji, yanazungusha kinu. Maji ni yaleyale na mlima ni uleule. Moto ni poromoko. Pile ni mfereji.

Tofauti ya kimo cha mlima huo ndiyo tunayoita volti. Kwa zinki na manganezi ni karibu volti 1.5, na haitegemei ukubwa. Buye dogo la saa ya ukutani na buye kubwa la tochi yote yana volti 1.5, kwa sababu yametengenezwa kwa vitu vilevile. Kubwa linadumu zaidi kwa sababu lina zinki na unga mwingi zaidi, basi. Redio inayotaka mabuye manne inayapanga mstari mmoja ili volti zijumlike: nne mara 1.5 ni 6. Ukigeuza moja kichwa chini, unatoa badala ya kujumlisha.

Neno pile lenyewe lina historia. Mwaka 1800, Mwitaliano Alessandro Volta alipanga sahani za zinki na za madini mengine kama fedha au shaba, moja juu ya nyingine, na kati yao vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Lilikuwa rundo, na kwa Kifaransa rundo ni "pile". Mwaka 1866 Mfaransa Georges Leclanché aliunganisha zinki na manganezi ndani ya chupa yenye maji ya chumvi. Miaka ishirini baadaye, Mjerumani Carl Gassner aligeuza maji hayo kuwa uji mzito usiomwagika, na pile ikaweza kubebwa mfukoni. Buye la tochi linalouzwa sokoni leo halijabadilika sana tangu wakati huo.

Gramu moja ya makala

Hesabu moja inashangaza watu wengi. Kilo moja ya makala mazuri ina nishati ya karibu kilojuli 30,000. Buye moja kubwa la zinki na kaboni, kuanzia likiwa jipya hadi likiisha kabisa, linatoa takriban kilojuli 30 hadi 35. Maana yake, nguvu yote ya buye zima ni sawa na ile ya gramu moja ya makala, kipande kisichozidi ncha ya kidole gumba.

Kwa maneno mengine, kuchemsha lita moja ya maji kungemaliza mabuye makubwa kumi mapya. Hakuna anayeweza kupika kwa pile. Wala batri ya simu ya kisasa haina maajabu: ikiwa imejaa, inabeba nishati ya karibu gramu mbili za makala.

Basi kwa nini tunalipa franka nyingi kwa nishati kidogo hivyo? Kwa sababu hatununui joto, tunanunua mfereji. Gramu ya makala haiwezi kuimbisha redio. Umeme unaweza, hata ukiwa kidogo.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini tochi za leo zinadumu kuliko za wazee wetu. Taa ya zamani yenye uzi ndani ilitupa zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ya umeme kama joto. Taa ndogo za LED zinageuza sehemu kubwa zaidi kuwa mwanga, na nyingine zinatosheka na umeme mara kumi chini ya ule wa taa ya uzi. Mabuye hayakupata nguvu mpya. Ni upotevu uliopungua.

Kuanika, kuuma, kupasha: kuna ukweli gani?

Kila kijiji kina dawa zake za mabuye yaliyochoka. Tuziangalie moja moja.

*Kuanika juani.* Inasaidia kidogo, kwa muda mfupi. Joto linaharakisha mwendo wa chembe ndani ya uji, na zile zilizokuwa mbali na kijiti zinafika. Hata kupumzisha buye usiku mmoja bila jua kunaleta matokeo yanayofanana. Lakini hakuna zinki mpya iliyoongezeka. Ulikwangua tu ukoko wa chini ya sufuria.

*Kuuma kwa meno.* Kunashindilia unga ukaribie kijiti, na redio inaweza kuongea dakika kadhaa. Hatari ni kwamba kopo la zinki la buye lililotumika limekwisha kuwa jembamba, kwa sababu ndilo linaloliwa. Likitoboka, uji unaingia mdomoni.

*Kuweka kwenye majivu ya moto au motoni.* Usifanye kabisa. Ndani mna unyevu. Ukigeuka mvuke hauna pa kutokea, na buye linapasuka. Kipande cha chuma chenye moto kinaweza kuharibu jicho la mtoto aliyekaa karibu na jiko.

*Kuchanganya mapya na ya zamani.* Wengi wanadhani wanabana matumizi. Kinyume chake, buye lililochoka linakuwa kizuizi kwenye mfereji. Mapya yanalisukuma lipitishe umeme hata baada ya kuisha, kopo linatoboka na uji unamwagika kwenye chemchemi za redio. Ule ukoko mweupe au wa kijani unaokuta ndani ya redio ndio ushahidi. Badilisha yote kwa mara moja, ya aina moja. Na redio isipotumika kwa majuma kadhaa, toa mabuye nje.

Jambo moja zaidi: mabuye yaliyochoka kwa tochi kubwa mara nyingi bado yanafaa kwa saa ya ukutani au redio ndogo, kwa sababu vitu hivyo vinadai umeme kidogo. Hiyo ni akiba halali, haimdhuru mtu.

Batri zinazorudi nyuma

Mabuye ya kawaida yana njia ya kwenda tu. Batri ya simu na ile ya paneli ya jua zina njia ya kwenda na kurudi. Kuchaji ni kusukuma maji yapande mlima: tunatumia umeme wa jua kulazimisha mageuzi yageuke kinyume, na nishati inawekwa tena akiba ndani ya viungo vya kemia.

Batri nzito ya volti 12 inayotumika kwenye magari na nyumba zenye paneli ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ina vyumba sita, kila kimoja cha volti 2. Ndani kuna bamba za madini ya risasi, yale ambayo Kifaransa huita plomb, zilizozamishwa kwenye asidi kali ya salfa. Batri inapofanya kazi, bamba zote mbili zinafunikwa na chumvi nyeupe na asidi inapungua ukali hadi kukaribia maji. Ukichaji, chumvi inarudi ndani ya asidi.

Hapa ndipo batri nyingi za vijijini zinapofia. Ikiachwa tupu siku kadhaa, kama inavyotokea katika msimu wa mvua wakati jua halionekani, ile chumvi inakuwa ngumu kama jiwe na haiyeyuki tena. Batri "imekufa" ilhali haijafikisha hata mwaka. Dawa ni nidhamu: usiimalize. Ukiwa na kipimo cha volti, batri iliyopumzika ikionyesha 12.6 imejaa, ikifika 12.0 imekwisha kupita nusu, zima televisheni ubakize taa. Tena, batri ya kuwashia gari si ya kazi ya usiku kucha. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na inachakaa haraka ikimalizwa kila siku.

Batri hiyo ikichajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo inashika moto kwa cheche moja. Iwekwe mahali penye hewa, mbali na mbabula na sigara. Kama ni ya kuongezewa maji, iongezewe maji safi ya batri peke yake, si ya mtoni na kamwe si chumvi.

Simu nayo inatumia lithiamu, na katika nyingi kuna pia kobalti. Kampuni Sony iliuza batri za namna hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na mwaka 2019 wanasayansi watatu waliozianzisha, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Nishati ni nyingi mahali padogo, na kimiminiko kilicho ndani kinawaka. Batri ya simu iliyovimba isitobolewe wala kuchajiwa tena. Na simu isichajiwe chini ya mto au godoro, kwa sababu joto linakosa pa kutokea.

Pale nishati inapogeuka sumu

Mageuzi ya kemia hayaachi nishati peke yake, yanaacha pia mabaki. Kuna mambo manne ambayo mzazi na mwalimu wanapaswa kuyajua.

La kwanza ni mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa. Makala yakikosa hewa ya kutosha hayamalizi mageuzi yake, na yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inashika nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Watu wanalala na hawaamki. Usiku wa baridi, mbabula itolewe nje kabla ya kulala, hata kama makala yanaonekana kuzimika.

La pili ni ubao wa darasa. Katika shule nyingi za vijiji, wanafunzi hutumwa kuleta mabuye ya zamani. Yanapasuliwa, unga mweusi unachanganywa na majani yaliyotwangwa, na ubao unapakwa. Unga huo una manganezi. Anayevuta vumbi lake mara kwa mara yuko katika hatari ya kudhurika mishipa ya fahamu, na madaktari wameuelezea ugonjwa huo tangu karne ya 19. Masizi ya sufuria au makala yaliyosagwa vizuri yanatoa weusi uleule bila sumu hiyo.

La tatu ni vibatri vidogo vya mviringo, kama kifungo cha shati, vinavyopatikana katika saa za mkononi na vitu vya kuchezea. Mtoto akimeza kimoja na kikakwama kooni, mate yanafunga njia ya umeme na kibatri kinaanza kazi papo hapo. Mageuzi hayo yanatengeneza kitu kikali kama magadi, ambacho kinaweza kuunguza koo kwa saa mbili tu. Asisubiriwe atoe haja kubwa. Apelekwe kwenye kituo cha afya mara moja.

La nne ndilo zito zaidi: kupasua batri za volti 12 ili kupata risasi ya kuyeyusha. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, Dakar, nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 baada ya ardhi ya nyumba zao kujaa vumbi la risasi kutoka kwenye batri kuukuu. Karibu nasi zaidi, huko Owino Uhuru mjini Mombasa, wakaaji waliougua kutokana na kiwanda cha kuyeyusha batri walikwenda mahakamani wakiongozwa na Phyllis Omido, mshindi wa Tuzo ya Goldman ya mwaka 2015. Julai 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Risasi inashambulia ubongo wa mtoto, na kilichoharibika hakirudi.

Kwa hiyo batri iliyokufa ibaki nzima. Iuzwe au irudishwe kwa muuzaji ikiwa nzima, asidi yake isimwagwe. Na mabuye madogo yaliyoisha yasitupwe chooni, kisimani wala shambani. Katika sehemu ambako hakuna anayeyakusanya, yawekwe pamoja ndani ya chombo kikavu, mbali na watoto na mbali na maji.

Somo la ndimu

Mwalimu wa sekondari ambaye hana laboratwari anaweza kuonyesha haya yote kwa vitu vya sokoni. Anahitaji ndimu nne, misumari minne ya mabati na vipande vinne vya waya wa shaba uliokwanguliwa. Katika kila ndimu anachoma msumari upande mmoja na shaba upande mwingine, bila kugusana. Kisha anaunganisha shaba ya ndimu ya kwanza na msumari wa ndimu ya pili, na kuendelea hivyo hadi mwisho.

Ndimu moja inatoa karibu volti moja, ikipungua kidogo. Nne zinatosha kuwasha taa nyekundu ya LED iliyotolewa kwenye tochi mbovu. Mwanga utakuwa hafifu, unaoonekana vizuri gizani. Umeme wake hautoshi kuchaji simu. Taa isipowaka, igeuzwe, kwa maana LED inapitisha umeme upande mmoja tu.

Swali la kuwauliza wanafunzi ni hili: nishati inatoka wapi? Wengi watajibu kwamba inatoka kwenye ndimu. Hapana. Ndimu ni uji wa chumvi tu, njia ya ioni. Kinacholiwa ni zinki iliyopakwa juu ya msumari. Jaribu misumari miwili ya aina moja bila shaba: hakuna volti, hata ndimu iwe kubwa namna gani, kwa sababu hakuna mlima kati ya vitu viwili vilivyo sawa. Baada ya somo, ndimu hizo zisiliwe, zimekwisha kuingiwa na madini.

Somo linaendelea hadi kwenye paa. Mabati ni chuma kilichopakwa zinki. Mvua ikipata mkwaruzo, zinki na chuma vinakuwa pile ndogo: zinki inajitoa, inaliwa kwanza, na chuma kinapona. Siku zinki ikiisha, kutu inaingia.

Mawe yetu, faida ya nani?

Msomaji wa Kongo akilifungua buye la redio, anafungua ramani ya nchi yake. Zinki iko Kipushi, katika Haut-Katanga, ambako mgodi uliosimama mwaka 1993 ulianza tena kuzalisha mwaka 2024. Manganezi iko Kisenge, katika Lualaba. Kobalti ya simu, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani kote, inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Na bati inayounganisha nyaya ndani ya redio na simu inatoka kwenye kasiterite, kama ile ya Bisie, hapahapa Walikale.

Mawe hayo yanatoka kama mchanga na mawe, na yanarudi kama bidhaa za dukani kwa bei ambayo mkulima wa Ntoto anaifikiria mara mbili. Mwezi wa Aprili 2022, Kongo na Zambia zilitia saini mapatano ya kushirikiana ili batri zitengenezwe katika nchi hizo mbili badala ya kuuza madini matupu. Viwanda vitahitaji barabara, amani na umeme mwingi. Vitahitaji pia watu wanaojua kwa nini elektroni inatoka kwenye zinki na kwenda kwenye manganezi, na ujuzi huo hauchimbwi na mashine. Unaanza darasani, na kwa shule isiyo na laboratwari unaweza kuanza na ndimu nne, misumari minne na vipande vinne vya waya.